Njia ya Unyanyembe na Sifa za Kiswahili: Kukisoma Upya Kitabu cha Tippu Tip

Kitabu cha maisha ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ajulikanaye zaidi kwa jina la Tippu Tip, kimekwisha kusomwa kwa namna mbili. Wanahistoria hukitafutia tarehe, majina ya watawala na mwendo wa misafara. Wataalamu wa lugha hukitafutia mifano ya Kiswahili cha Unguja jinsi kilivyoandikwa kabla ya kusanifishwa. Makala haya yataka kukisoma kwa ajili ya jambo la tatu, nalo ni ushawishi. Mtu hupataje njia, chakula, rafiki na utii mahali ambapo hana amri, na ambapo wenyeji ni wengi kuliko watu aliokuja nao? Tippu Tip aliishi kwa kulijibu swali hilo, na jibu lake aliliandika kwa Kiswahili.

Yafaa kuliuliza swali hilo sasa, kwa sababu taifa letu nalo limeshika kazi ya kushawishi, na chombo lilichokichagua ni lugha ile ile. Wataalamu wa siasa wana neno "nguvu laini", lililoenezwa na Mmarekani Joseph Nye tangu mwaka 1990, nao humaanisha uwezo wa nchi kupendwa na kufuatwa pasipo kulazimisha kwa silaha wala kununua kwa fedha. Uingereza ina British Council, Ufaransa ina Alliance Française, na China ina Taasisi za Confucius, ambazo mojawapo ilifunguliwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2013. Tanzania haina fedha za kadiri hiyo, lakini ina Kiswahili. Mwezi wa Agosti 2019 wakuu wa nchi za SADC, walipokutana Dar es Salaam, walikikubali kuwa lugha rasmi ya nne ya jumuiya yao. Mwezi wa Novemba 2021 UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na Februari 2022 Umoja wa Afrika ulikifanya kuwa lugha yake ya kazi. Hayo ni mafanikio makubwa, wala sina nia ya kuyapunguza.

Ninalotaka kulihakiki ni hadithi inayosimuliwa pamoja na mafanikio hayo. Katika hotuba na vijitabu vya sherehe husemwa mara nyingi kwamba Kiswahili kilitoka pwani kwa amani, kikafuata biashara, kikapokewa na kila kabila kwa hiari, na kwamba ndiyo maana hakina adui. Njia kiliyoipita yajulikana: Bagamoyo, Ugogo, Mgunda Mkali, Unyanyembe ambako ndiko Tabora, kisha Ujiji, kisha ng'ambo ya Ziwa Tanganyika hata Manyema. Lakini njia hiyo hiyo iliandikishwa na nchi yetu mwaka 2006 katika orodha ya UNESCO ya mahali panapopendekezwa kuwa urithi wa dunia, na jina ililopewa ni Njia ya Kati ya Biashara ya Watumwa na Pembe za Ndovu. Mahali sita palitajwa: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara iliyo karibu na Tabora, na Ujiji. Basi taifa moja lasema na walimwengu juu ya njia moja kwa vinywa viwili. Kinywa cha lugha chasema amani. Kinywa cha urithi chasema minyororo. Mgeni asikiaye vyote viwili atauliza aamini kipi, na nguvu laini haina mtaji mwingine ila kuaminiwa.

Kitabu cha Tippu Tip chaweza kutusaidia kuviunganisha vinywa hivyo. Tena, kwa ukimya wake, chaelekeza kwenye jambo ambalo hadithi zote mbili zimelisahau.

KITABU NA ASILI YAKE

Mtungaji alizaliwa Unguja yapata mwaka 1837, akafariki huko mwaka 1905. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mfanya biashara mkubwa wa Tabora, na miongoni mwa wake zake alikuwamo Karunde, binti wa Fundikira, mtemi wa Unyanyembe. Mtungaji mwenyewe alifika Tabora akiwa kijana, akaendelea hata Ujiji na kuvuka ziwa. Alipokwisha kustarehe Unguja baada ya safari zake, Dr. Heinrich Brode wa ubalozi wa Ujerumani alimhimiza aandike habari zake. Aliziandika kwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Brode akazigeuza katika herufi za Kirumi, akazichapisha Berlin pamoja na tafsiri ya Kijerumani katika miaka ya 1902 na 1903. Baadaye W. H. Whiteley alizitoa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza, zikawa nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1958 na 1959.

Msomaji asiyapite mambo haya upesi. Kitabu hiki, ambacho habari zake ni za kushawishi watu, chenyewe kiliandikwa kwa ushawishi wa mgeni, na mgeni huyo alikuwa mtumishi wa dola. Tena kiliandikwa baada ya mwaka 1897, ambapo hali ya utumwa ilikuwa imekwisha kuondolewa katika sheria za Unguja. Kwa hiyo mtungaji alijua vema ni nani atakayemsoma. Tunapoona pembe za ndovu zimepimwa kwa frasila kila mara, na watumwa wametajwa kwa mkato kama mzigo uliokuwamo njiani, haitupasi kudhani kwamba hayo ni sahau ya mzee. Huenda ni adabu ya mtu aliyezoea kumpima msikilizaji wake kabla ya kufungua kinywa.

NENO NA BUNDUKI

Nathari ya kitabu ni kavu. Kitenzi chenye -ka- hufuatwa na kingine chenye -ka-. Safari huhesabiwa kwa siku na mali kwa mizani. Huzuni na furaha hazikawii. Lakini pale mtungaji anapokutana na mtawala mwendo hubadilika. Huacha kusimulia, akaweka maneno yenyewe vinywani mwa wasemaji: huyu aliniambia hivi, nami nikamjibu hivi. Mazungumzo hayo ndiyo kiini cha kitabu, nayo yaonyesha kwamba mtungaji aliuona ufundi wa maneno kuwa sehemu ya biashara yake, kama mizani na bunduki.

Mfano ulio mkubwa ni habari za Utetera, nchi ya ng'ambo ya ziwa aliyoifikia mwanzoni mwa miaka ya 1870. Huko alikuwako mtawala Kasongo Rushie, na katika ukoo wake ilikuwako kumbukumbu ya wanawake waliotekwa zamani na mtawala wa Urua. Tippu Tip alidai kwamba nyanya yake upande wa mama alikuwa mmoja wa ukoo ule uliopotea. Basi hakuja kama mgeni, alikuja kama mjukuu anayerudi nyumbani. Alipokewa, na utawala akakabidhiwa pamoja na pembe zilizokuwa haki ya mtawala. Wasomaji wengi wameiona habari hiyo kuwa hila, nami siwapingi. Hata hivyo, mhakiki hana budi kuuliza kwa nini hila hiyo ilifaa.

Ilifaa kwa sababu tatu. Kwanza, mgeni alisikiliza kabla ya kusema, na hadithi aliyoitumia aliikuta kwa wenyeji wenyewe. Pili, hakuwaambia watu wa Utetera habari za fahari ya Unguja wala ya Sultani wake. Aliwaambia habari zao, na jeraha lao alilifanya kuwa mlango. Tatu, alisema kwa lugha ya undugu, ambayo katika nchi zile ilikuwa na nguvu kuliko mkataba. Mabalozi wetu wa leo wangeweza kujifunza mengi katika sehemu hii peke yake, kwa maana sisi twapenda sana kuwasimulia wengine habari zetu, na ni mara chache tunakaa kuwauliza habari zao.

Lakini kitabu chenyewe hakituachi tuishie hapo. Mwaka 1867, kabla ya Utetera, mtungaji na watu wake walipigana huko Itawa na mtawala Samu, aliyeogopwa pande zote, wakamshinda kwa bunduki na kumtwalia pembe zake. Hata jina la Tippu Tip, kama alivyolieleza mwenyewe, ni mlio wa bunduki, ingawa wako wanaosema ni kupepesa kwa macho yake. Habari za namna hiyo hutembea upesi kuliko msafara. Kasongo alipokuwa akiisikiliza hadithi ya nyanya aliyetekwa, nyuma ya msimulizi zilisimama bunduki ambazo sifa zake zilikwisha kutangulia.

Hapa ndipo kitabu kinapozikosoa hadithi zetu zote mbili. Hadithi ya amani ingelichukua neno na kuiacha bunduki. Hadithi ya minyororo ingeichukua bunduki na kuliacha neno. Mtungaji aliviweka pamoja, tena pasipo haya, kwa kuwa katika maisha yake havikutengana. Nguvu laini, kwa jinsi inavyofundishwa, hutengwa na nguvu ngumu kana kwamba ni vyombo vya kabati mbili. Katika njia ya Unyanyembe kabati ilikuwa moja.

Historia ya Tabora yenyewe yashuhudia hayo. Fundikira aliwapokea wafanya biashara wa pwani, na makazi yao yakastawi. Burton na Speke walipofika mwezi wa Novemba 1857, mahali palipoitwa Kazeh, walikaribishwa na tajiri Mwarabu Snay bin Amir katika mji uliokwisha kuwa njia panda ya biashara. Lakini Mnywasele, aliyemfuata Fundikira, alipotaka kuwatoza ushuru wageni hao, walimwondoa katika utawala na kumweka Mkasiwa mahali pake. Toka hapo urafiki ulikuwa na sharti. Mwaka 1871 Mirambo wa Urambo alipopigana na Waarabu wa Tabora aliwashinda, na Stanley aliyekuwa upande wao akaona kwa macho yake. Njia ya Ujiji ikafungwa. Ukarimu wa Unyanyembe ulikuwa umewapa wageni kila walichohitaji. Waliupoteza siku walipotaka kumchagulia mwenyeji mtawala wake.

WALE WASIOTAJWA

Sasa nije kwenye ukimya wa kitabu. Ndani yake wapagazi wamo kila mahali, na hawamo popote. Wanaajiriwa, wanatoroka, wanakufa, wanahesabiwa. Kusema husema kwa nadra. Na hao ndio waliokuwa wengi njiani. Wanyamwezi walikuwa wakishuka pwani na pembe zao tangu mwanzo wa karne ya 19, kabla makazi ya watu wa pwani hayajasimama Unyanyembe, na baadaye wakawa mashuhuri kwa kazi ya kuchukua mizigo kwa ujira. Stephen Rockel, katika kitabu alichokitoa mwaka 2006 juu ya kazi ya njiani, ameonyesha kwamba hawa walikuwa wafanya kazi wenye desturi zao, waliojua kudai haki yao na kuweka mizigo chini walipodhulumiwa. Mzigo wa kilo 30 au zaidi begani, mwendo wa miezi kadhaa kutoka pwani hata Tabora, si kazi ya kusahauliwa katika historia ya lugha. Maana ni nani aliyekisema Kiswahili kambini kila jioni, akakipeleka nyumbani mwisho wa safari?

Tena hao walikuwa na diplomasia yao. Watawala wa Ugogo walidai hongo kabla ya kuruhusu msafara kupita, na kiasi chake kilipatikana kwa majadiliano ya siku nyingi. Watu wa makabila mbalimbali walichanjiana damu wakawa ndugu. Mirambo na Stanley wenyewe walifanya hivyo mwaka 1876. Utani kati ya Wanyamwezi na makabila ya njiani, kama vile Wazaramo, ulikuzwa na safari hizo: mtani aliweza kukutukana pasipo ugomvi, lakini ukifiwa ugenini ndiye aliyekuzika. Sijui mapatano ya serikali mbili yaliyopata kuwa na faida kama hiyo kwa mtu maskini.

Safari iliyo mfano wa ujuzi huo ni ile ya mwaka 1873. Livingstone alipofariki kwa Chitambo, Susi, Chuma na wenzao waliuchukua mwili wake kuelekea pwani. Walipofika Unyanyembe walimkuta Cameron, ofisa wa Kiingereza, aliyewashauri wamzike hapo, wakakataa. Mbele ya Tabora, walipoona kwamba watu wa njiani hawatakubali maiti ipite, walieneza habari kwamba imerudishwa, wakaifunga mfano wa mtumba wa nguo, wakapita. Mwezi wa Februari 1874 walifika Bagamoyo. Hawakutumwa na serikali yoyote, nao walimshinda kwa uthabiti ofisa wa serikali kubwa.

Lugha nayo imehifadhi ushahidi. Twazoea kueleza jinsi maneno ya pwani yalivyoingia bara. Tusisahau yaliyoshuka kutoka bara. Mtemi, rugaruga, nyapara: maneno haya yametoka Unyamwezi na nchi jirani zake. La mwisho lina historia ya kusikitisha. Kwa Wanyamwezi mnyampara alikuwa mzee, mtu wa kuheshimiwa aliyewaongoza wapagazi wa kwao. Katika Kiswahili cha leo nyapara ni msimamizi wa vibarua au wafungwa. Kuanguka kwa neno hilo ni kuanguka kwa kazi yenyewe, kutoka mikononi mwa watu huru hata mikononi mwa waliowatumikisha.

NG'AMBO YA ZIWA NA UGANDA

Mambo haya si ya kale tu, kwa maana majirani tunaowapelekea Kiswahili wana kumbukumbu zao. Katika Kongo ya Mashariki Kiswahili kiliitwa Kingwana, yaani lugha ya waungwana. Walioitwa waungwana katika misafara hawakuwa wote wa kuzaliwa huru. Wengi walikuwa watumwa au wana wa watumwa, na watu wa Manyema walijiunga nao wakalichukua jina pamoja na lugha. Walikichukua Kiswahili kwa sababu kilimtenga asemaye na yule awezaye kukamatwa. Je, tuiite hiyo hiari? Ni hiari ya mtu anayechagua kinga. Hata hivyo, wajukuu wao wamekifanya Kiswahili kuwa chao kabisa, wakakitungia nyimbo na kukipa sura ambayo walimu wetu huwa wepesi mno kuiita makosa. Mwalimu atokaye Dar es Salaam akafika Bukavu na kuwaambia wenyeji kwamba amewaletea zawadi, naye aanze kwa kusahihisha, atakuwa ameisoma vibaya historia yake na yao.

Uganda ni mfano mwingine. Huko Kiswahili kilijulikana kwa muda mrefu kuwa lugha ya askari, na tangazo la Idi Amin la mwaka 1973 la kukifanya lugha ya taifa halikukisafisha jina. Mwezi wa Julai 2022 baraza la mawaziri la nchi hiyo liliamua Kiswahili kiwe lugha rasmi. Ili uamuzi kama huo uingie mioyoni, yafaa kukubali kwamba shaka ya mwananchi wa Uganda ina sababu. Kumwambia kwamba Kiswahili ni lugha ya amani tangu mwanzo ni kumwambia kwamba alichokiona hakukiona.

PINGAMIZI

Nimepata kusikia pingamizi mbili juu ya rai hii. Ya kwanza yasema kwamba kukiweka mbele kitabu cha mfanya biashara ya watumwa ni kuitia aibu lugha yetu. Najibu kwamba aibu iliyofichwa hupatikana na mwingine, naye huieleza apendavyo. Kitabu kimekwisha kutafsiriwa kwa Kijerumani, kwa Kiingereza na kwa Kifaransa. Asiyekisoma ni Mswahili peke yake. Ya pili yasema kwamba diplomasia si darasa la historia, na kwamba kila taifa hujipamba. Ni kweli kila taifa hujipamba. Lakini pambo ambalo taifa lenyewe limelikanusha katika orodha ya UNESCO haliwezi kudumu.

Tena tunayo hadithi njema ya kweli, na Tabora imo ndani yake. Tarehe 7 Julai yakumbusha kuzaliwa kwa TANU mwaka 1954. Mwezi wa Januari 1958 chama hicho kilikutana Tabora, nao wajumbe wengi walikuwa wameazimia kuususia uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Nyerere alisimama akawashawishi washiriki, nao wakashawishika. Yalikuwa mabishano makali kati ya watu wa makabila mengi, na nyuma ya msemaji haikusimama bunduki. Miaka 100 hivi baada ya Burton kufika Kazeh, mji ule ule ulionyesha kwamba neno na bunduki vyaweza kutengana. Lakini uzuri wa jambo hilo hauonekani kwa asiyejua kwamba hapo zamani havikutengana. Anayeanza hadithi kwa amani hana la kushangilia mwishoni.

Kwa hiyo naona kazi mbili zatungoja. Ya kwanza ni toleo jipya la kitabu cha Tippu Tip kwa Kiswahili, lenye maelezo ya maneno, ya watu na ya mahali, na lenye utangulizi usiomtukuza mtungaji wala kumficha. Toleo hilo litumike katika shule zetu, na katika madarasa ya wageni tunaowafundisha lugha hii. Ya pili ni kukusanya na kuchapisha msamiati wa njiani, yaani wa mizigo, ujira, kambi, hongo na utani, kutoka Bagamoyo hata Ujiji, pamoja na maneno ya Kinyamwezi, Kigogo na Kizaramo yaliyomo, ili wapagazi wapate nafasi yao katika habari za lugha waliyoibeba.

Kwa wale watakaoona kazi hiyo kuwa ndogo, natoa neno moja tu. Makao ya mtemi wa Unyanyembe yaliitwa Kwikuru, na Isike alijilipua humo kwa baruti mwezi wa Januari 1893 ili asikamatwe na Wajerumani. Kutokana na asili hiyo ya Kinyamwezi na Kisukuma Kiswahili kimepata neno Ikulu, nalo leo ndilo jina la nyumba ambamo Rais wa nchi hii huwapokea mabalozi wa mataifa yote.